Stop Motion Studio kwa klabu za vijana: kuujenga mwaka 2050 juu ya meza

Mpe kijana simu, mwambie apige video ya maisha anayoyatamani, kisha angalia atakavyokwama. Kamera hunasa kilicho mbele yake, na kilicho mbele yake ni mtaro uleule uliojaa chupa za plastiki. Kwa hiyo ataupiga mtaro. Ndivyo video nyingi za klabu za vijana zinavyogeuka kuwa orodha ya matatizo yenye onyo mwishoni, hata pale ambapo mwalimu aliomba matumaini.

Katuni ya picha kwa picha, yaani stop motion, inauvunja mkwamo huo. Mtaa wa mwaka 2050 haupo, lakini unaweza kujengwa kwa maboksi ya sabuni na waya juu ya meza ya futi nne. Unasogeza kitu kidogo, unapiga picha, unasogeza tena, unapiga, na picha zikipangwa mfululizo mtaa unaanza kutembea. Vijana wetu wanakuja na nusu ya ufundi tayari. Anayeweza kuunda gari la waya lenye matairi ya malapa yaliyochakaa hahitaji kufundishwa kujenga seti, yaani mandhari ya filamu. Anahitaji kufundishwa subira, na programu isiyomwangusha.

Programu tunayoihakiki hapa ni Stop Motion Studio ya kampuni ya Cateater. Inaingia kwenye simu za Android, iPhone, iPad na kompyuta. Lipo toleo la bure na lipo la kulipia liitwalo Pro. Kwa klabu inayoanza, la bure linatosha, na sababu kubwa ni kitu kimoja: picha uliyopiga mwisho inabaki ikionekana kwa mbali juu ya ile unayotaka kupiga sasa. Kijana anaona mkono wa kikaragosi ulikuwa wapi na ameusogeza kiasi gani. Bila hicho anakisia, na makisio ndiyo yanayofanya mtu wa karatasi aruke kama panzi. Vitufe vingi ni alama za picha, kwa hiyo hata asiyejiamini na Kiingereza anazizoea kwa muda mfupi. Ikishapakuliwa, kupiga na kupanga hakuhitaji bando.

Jambo la kwanza la kuamua ni kasi, yaani fremu (picha moja moja) ngapi kwa sekunde, na liamuliwe kabla ya picha ya kwanza. Ukibadilisha katikati, mwendo wote uliokwisha pigwa unabadilika nao. Tunapendekeza fremu 8 kwa wanaoanza. Filamu ya sekunde 30 itakuwa na picha 240. Kikundi cha watu wanne kilichozoea hupiga picha kama 3 kwa dakika, maana yake ni saa 1 na dakika 20 za kupiga tu, mbali na kujenga. Fremu 12 zinapendeza zaidi machoni, ila zitadai picha 360 na saa 2, na hapo ndipo vijana wa miaka 13 huanza kuchoka na kusogeza vitu kwa pupa.

Hesabu ya mwendo nayo ifanywe kwa rula, si kwa macho. Gari linalotakiwa kukata sentimita 60 kwa sekunde 3 lina picha 24, hivyo kila picha lisogee wastani wa sentimita 2 na nusu. Mwanzoni lisiondoke kwa kasi hiyo. Hatua ya kwanza nusu sentimita, ya pili sentimita 1, ya tatu sentimita 1 na nusu, na mwishoni lipunguze vivyo hivyo; hatua 18 za katikati ziwe sentimita 3 ili jumla ibaki 60. Mabadiliko haya madogo ndiyo yanayompa mtazamaji hisia kwamba gari lina uzito. Chora njia yake kwa penseli hafifu, au bandika rula ya karatasi pembeni, nje ya picha.

Sasa makosa. Mengi hayatoki kwenye programu bali kwenye chumba, na ndiyo yanayowavunja moyo vijana wakadhani hawana kipaji.

Kubwa kuliko yote ni video kupepesa, mwanga ukipanda na kushuka kila nusu sekunde. Simu inajipimia mwanga upya kila picha: mkono ukiwa karibu inaongeza mwanga, mkono ukiondoka inapunguza. Ingia kwenye mipangilio ya kamera ndani ya programu, itoe kwenye hali ya kujipimia yenyewe, ufunge visibadilike kiwango cha mwanga, fokasi (ukali wa picha) na kipimo cha rangi nyeupe. Hapa kuna upungufu wa kweli: simu nyingi za bei ya chini haziiruhusu programu kushika vidhibiti vyote hivyo, na hutajua mpaka ujaribu. Kabla ya kuamua klabu itumie simu ipi, piga picha 20 za kikombe ukipitisha mkono kando yake, kisha zitazame mfululizo. Simu iliyopepesa iwekwe kando kwa kurekodi sauti, hata kama ndiyo yenye kamera kali zaidi.

Chanzo cha pili cha kupepesa ni jua. Wingu moja likipita, saa nzima ya kazi imeharibika. Ziba madirisha kwa blanketi, zima taa ya darini, kisha weka taa mbili za mezani zenye balbu za LED za wati 9, za aina moja na rangi moja, moja kila upande kwa mshazari, kiasi cha sentimita 60 kutoka kwenye seti. Baadhi ya balbu za bei rahisi huchora mistari myeusi inayotembea kwenye kioo cha simu kwa sababu zinawaka na kuzima pamoja na mapigo ya umeme wetu wa hezi 50. Ukiiona mistari hiyo, badilisha balbu kabla hujalaumu simu. Mpiga picha avae fulana ya rangi ya giza na arudi kusimama palepale kila anapobonyeza, kwa sababu shati jeupe linarudisha mwanga kwenye seti kama kioo. Umeme ukikatika katikati ya shoti, yaani kipande kimoja cha filamu kinachopigwa kutoka pembe moja, msiendelee kwa tochi. Ikateni shoti pale, na umeme ukirudi anzeni nyingine kwa pembe tofauti.

Simu yenyewe isishikwe kwa mkono kamwe. Kama hakuna stendi, matofali mawili, kipande cha ubao na mpira wa kufungia noti vinatosha. Tumia kipima muda cha programu kipige picha chenyewe kila baada ya sekunde kadhaa, kwa sababu kila kidole kinachogusa kioo kinaisogeza simu kidogo na seti nzima inaonekana kutetemeka. Ikitokea mkono umeonekana kwenye picha, futa fremu hiyo moja na mwendelee. Weka simu kwenye hali ya ndege, la sivyo itaita katikati ya shoti na mwenye simu ataiinua bila kufikiri. Acha angalau GB 2 za nafasi.

Vikaragosi vya urefu wa sentimita 12 vinafaa kuliko vidogo, maana vidole vinashika kiungo kimoja bila kuangusha kingine. Mifupa itengenezwe kwa waya laini wa kufungia nondo, unaouzwa kwa kilo kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, nyuzi mbili zikasokotwa pamoja. Uzi mmoja hukatika gotini baada ya kukunjwa mara kadhaa, na hukatika katikati ya shoti. Nguo ni mabaki ya khanga na vitenge kutoka kwa fundi cherehani. Nyayo zishikwe chini kwa pini zinazochomwa kutokea upande wa chini wa boksi, kwa hiyo sakafu ya mtaa iwe boksi la tabaka mbili na si ubao. Plastisini, ule udongo laini wa rangi wa kuchezea, ni nzuri kwa nyuso, lakini kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa, tena chini ya taa, inalegea na pua inaanza kuteremka. Udongo wa mfinyanzi haulegei ila unapasuka ukikauka. Ufunike kwa kitambaa chenye maji wakati wa mapumziko.

Hayo ni ya mikono. Lililo gumu zaidi ni la kichwani, na programu haina kitufe cha kulisaidia.

Waambie vijana "tengenezeni wakati ujao" na utapata magari yanayoruka na maghorofa ya vioo yaliyonakiliwa kutoka Dubai. Si kosa lao, ndiyo picha waliyoonyeshwa. Dawa ni kubana swali. Taja mwaka, taja siku ya kawaida, taja mtaa wao. Aliyezaliwa mwaka 2010 atakuwa na miaka 40 mwaka 2050, mwaka uleule ambao Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050 ya Tanzania, iliyozinduliwa Julai 2025, imeuweka kuwa shabaha. Kwa Agenda 2063, mpango wa maendeleo ya bara wa Umoja wa Afrika, atakuwa na miaka 53. Hesabu hiyo ikiandikwa ubaoni, nyaraka za serikali zinageuka kuwa habari za umri wake. Kisha uliza: Jumanne moja ya mwaka huo, saa kumi na mbili asubuhi, ukifungua mlango unasikia nini? Kitu gani cha sasa hivi hungekubali kiondoke? Swali la pili ndilo linalowarudisha nyumbani. Linaleta kibaraza, mwarobaini, bibi anayekaanga vitumbua, adhana na kengele, na papo hapo mtaa wa mwaka 2050 unakuwa wao.

Chukua ule mtaro. Filamu inayoanza na uchafu na kuishia na usafi, bila kitu katikati, inamwacha mtazamaji bila njia ya kupita. Waanzie mwisho: watoto wamekaa kwenye benchi kando ya mtaro uliofunikwa, mti mkubwa unawapa kivuli. Halafu wajiulize, ili hili liwepo, mwaka 2040 palikuwa na nini? Miti bado midogo. Mwaka 2030? Majirani wanabeba mifuniko ya zege, wawili wawili. Na wiki hii? Mtu mmoja ana daftari, anahesabu mahali mtaro ulipoziba. Shoti hiyo ya daftari ndiyo tunayoithamini kuliko zote, kwa kuwa ni kitu ambacho kijana anaweza kwenda kukifanya Jumamosi.

Mpango huo wa kurudi nyuma una faida ya kiufundi pia. Pigeni mwaka 2050 kwanza, seti ikiwa mpya na mikono ikiwa na nguvu, kisha mwondoe vitu kidogo kidogo kuelekea leo: ng'oa mti mkubwa, weka mdogo, toa mifuniko, mwaga takataka mwisho kabisa. Kutoa ni kwepesi. Kuongeza kunataka gundi, na gundi inataka kusubiri, na mkono unaobandika unagonga nyumba ya jirani. Mpangilio wa shoti utarekebishwa baadaye ndani ya simu.

Sauti irekodiwe kabla ya kupiga picha, ili mjue kila shoti iwe ndefu kiasi gani. Sekunde 30 zinabeba maneno kama 55 ya Kiswahili cha kuongea kwa utulivu. Kurekodi ndani ya programu kunawezekana, ila chumbani kuna feni na makelele ya kikundi. Afadhali simu nyingine, kijana ajifunike blanketi, mdomo sentimita 15 kutoka kwenye simu. Aseme kwa lugha ya mtaani kwake, asisome kama taarifa ya habari.

Faida moja ya aina hii ya video haizungumzwi vya kutosha: hakuna sura ya mtoto kwenye filamu. Kikaragosi ndicho kinachoonekana. Sauti bado ni yake, kwa hiyo ruhusa ya mzazi inabaki ya lazima kabla ya kuisambaza, na sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, si za kupuuza.

Je, Pro inafaa kununuliwa? Inaongeza vitu kama skrini ya kijani (kitambaa cha kijani ambacho programu hukibadilisha kwa picha nyingine), kutumia simu ya pili kama kamera, na ubora wa juu wa picha uitwao 4K. Skrini ya kijani huwapeleka vijana kubandika picha za majiji ya intaneti nyuma ya vikaragosi, na pale wanaacha kujenga. Kamera ya pili ndiyo yenye maana, hasa kwa seti inayopigwa kutokea juu, ambako mtu hawezi kuona kioo. Klabu ikiwa na vikundi vitatu au zaidi, nunueni kwa simu moja tu. Wanaopenda kuchora kuliko kujenga wapewe FlipaClip, programu ya katuni za kuchora, lakini toleo lake la bure lina tabaka 3 tu za kuchorea juu ya nyingine na huacha nembo yake kwenye video.

Tahadhari ya mwisho ni ya kuhifadhi. Kazi inakaa ndani ya simu, na anayeifuta programu ili apate nafasi ya picha anaweza kufuta na filamu. Kila siku ya kazi itoeni kama video, itumeni kwenye simu ya pili, hata kama haijakamilika. Na msiibomoe seti mpaka filamu itazamwe kwenye skrini kubwa, runinga au projekta, kikundi kizima kikiwepo. Pale ndipo mtu atakapoona kwamba bibi wa vitumbua hakuinua mkono hata mara moja, na kama nyayo zake zilizungushiwa alama ya penseli, dakika kumi zinatosha kumrudisha palepale na kupiga picha nane zilizokosekana.