Vitabu vitano nilivyomnunulia mpwa wangu, Mtwara: uzoefu wangu

Hela ya korosho ya msimu uliopita ilipoingia, nilitenga shilingi 80,000 za vitabu vya mpwa wangu. Wakati huo alikuwa na miaka 14, kidato cha pili, na hadithi zote zilizokuwa nyumbani kwao alikwishazirudia mpaka kurasa zikaanza kuachia. Huku kwetu mjomba ana neno katika malezi ya mtoto wa dada yake. Nikaona na kiu yake ya kusoma inanihusu.

Maduka niliyopita mjini Mtwara nilikuta madaftari, vitabu vya kiada na vya dini. Hadithi chache zilizokuwepo alikuwa keshazisoma. Nikaagiza Dar es Salaam kwa simu: muuzaji akanitumia picha za majalada, nikachagua vitano, nikalipa kwa simu, boksi likapandishwa basi. Vitabu 73,000, mzigo 5,000. Basi lilitoka Dar alfajiri, jioni nikalichukua boksi stendi.

Dada yangu hakufurahi. "Kaka, mtihani uko mlangoni, wewe unaleta hadithi?" Alikuwa na haki, upimaji wa kidato cha pili ulikuwa mwezi uleule wa Novemba. Tukakubaliana boksi likae kwangu, uvunguni, mpaka karatasi ya mwisho. Mtoto akawa akipita kila jioni, anasalimia, kisha anauliza tu, "Mjomba, bado lipo?"

Cha kwanza kukishika kilikuwa Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichotoka 1960. Ni hadithi ya upelelezi: tajiri mwenye mashamba anakutwa amekufa kwenye mzimu, yaani mahali pa matambiko, na Bwana Msa na kiko chake anaanza kuuliza maswali. Nilikichagua kwa sababu mimi mwenyewe nilikisoma katika umri huo, na sijutii. Alianza baada ya chakula cha mchana, na magharibi ilipoingia nikamsikia analia chumbani. Kulia kweli. Kutoka ukurasa wa 48 kitabu kiliruka hadi wa 65.

Tulikikagua pamoja chini ya taa. Hakuna kilichochanwa, gundi ya mgongoni ilikuwa nzima. Bunda zima la kurasa 16 halikuwekwa tangu kiwandani. Nilipompigia muuzaji aliomba picha, nikatuma, akanyamaza siku nne. Baadaye alileta nakala nyingine, lakini nauli ya mzigo nililipa mimi mara ya pili, jambo ambalo mpaka leo naona si sawa. Mteja hakukosea kitu. Tangu hapo boksi nalifungulia palepale stendi, kila kitabu napitia namba za kurasa kabla konda hajaondoka.

Lakini zile siku za kusubiri zilinionyesha jambo. Alichukua daftari, akapiga mistari, upande mmoja majina ya watu wote waliokuwa na sababu ya kumuua yule tajiri, upande wa pili walikuwa wapi usiku ule. Akaja kunihoji mimi, ninayejua mwisho. Akamhoji na mama yake, ambaye hakuwa amekisoma, na dada yangu akajikuta anauliza, "Hebu rudia, huyo alisema alikuwa wapi?" Nakala nzima ilipofika, mtuhumiwa wake hakuwa muuaji. Akakaa chini, akatafuta ni wapi alipotezwa.

Hapo ndipo nilipopata kipimo changu. Kitabu cha kijana msomaji nakipima kwa kuangalia kama kinamtoa chumbani kutafuta mtu wa kuzungumza naye. Idadi ya siku alizokimaliza hainiambii kitu, huyu anamaliza chochote.

Kwa kipimo hicho kitabu kimoja kilianguka kabisa. Ni cha maadili, kimeandikwa "kwa vijana" kwenye jalada, na nilikichukua kwa sababu ya maneno hayo. Alikisoma mchana mmoja, akakirudisha kwenye boksi, hakukitaja tena. Nilipokisoma nilielewa. Kila mtoto mbaya anapata balaa ukurasa unaofuata.

Adili na Nduguze cha Shaaban Robert nacho ni cha maadili, na kilikuja na ugumu wake. Kiswahili chake ni kizito, na kurasa za mwanzo alizisoma na kamusi mapajani. Mtu anayeitwa Adili kila usiku anawachapa manyani wawili mijeledi, huku mwenyewe akiumia kufanya hivyo, na mfalme anataka kujua sababu. Hilo lilimvuta. Lililomkera ni majina. "Mjomba, mtu kaitwa Hasidi, mwingine Mwivu, tutashangaa nini wakifanya hasidi na wivu?" Nikamwambia aangalie namna zinavyojengwa sentensi. Wiki iliyofuata nilikuta amenakili vifungu vizima kwenye daftari kwa wino wa kijani, hata vya sehemu asizozipenda. Kwa kijana anayependa lugha yenyewe, nakipendekeza. Kwa anayetaka mbio za matukio, asubiri kidogo.

Kinjeketile cha Ebrahim Hussein nilikiweka kwenye boksi bila matumaini makubwa, kwa kuwa ni tamthilia, na tamthilia wengi huzisoma kwa ajili ya mtihani. Ilitoka 1969. Inahusu Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, na vita hivyo vilianzia huku kusini, Umatumbini. Ni Nandete, Kilwa, ndiko watu walikong'oa pamba ya Wajerumani Julai 1905. Mama yangu ni Mmatumbi wa Kipatimu. Sikuwahi kuviunganisha vitu hivyo viwili na kitabu cha kumnunulia mtoto.

Likizo ya katikati ya mwaka mama alikuwa kwa dada, amekaa kwenye mkeka barazani anamenya ming'oko (viazi vya porini) iliyochemshwa, anaweka vipande kwenye bakuli. Mpwa wangu akaanza kumsomea kwa sauti, akibadilisha sauti kwa kila mhusika. Bibi akisikia jambo, kisu kinasimama. Walipofika karibu na mwisho, pale Kinjeketile kafungwa na Wajerumani, wanamtaka aseme kuwa maji yake ya kuzuia risasi yalikuwa uongo, naye anakataa, mtoto akafunga kitabu kidole kikiwa ndani.

"Bibi, nyie mlisimuliwa maji yalikuwa ya kweli?"

Mama alikaa kimya kwa muda. Kisha akasema, "Sisi tulisimuliwa njaa." Akainua ung'oko mmoja. "Mashamba yalichomwa, maghala yakachomwa. Bibi yangu alisema walionusurika waliingia porini kuchimba hii. Ndiyo maana mimi nikiila sitemi hata nyuzi."

Mimi nina miaka zaidi ya 40, nimekula ming'oko ya mama yangu maisha yangu yote, na maneno hayo niliyasikia siku hiyo kwa mara ya kwanza. Mtoto alienda kuchukua lile daftari la Bwana Msa, akaligeuza, akaanza kuandika upande wa nyuma. Anamuuliza bibi majina, nani alizaa nani, walikimbilia wapi. Sasa amefika ukurasa wa ishirini na kitu. Kama una kijana msomaji na wazee wako ni wa Kilwa, Liwale au popote vita vile vilipopita, kinunue hiki kabla ya vyote, na kisomwe kwa sauti mzee akiwa karibu.

Peponi cha Abdulrazak Gurnah, mwandishi mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi 2021, bado kiko kwangu. Kwa Kiingereza kilitoka 1994, na Kiswahili chake ni cha Ida Hadjivayanis. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anachukuliwa na tajiri Aziz kwa sababu ya deni la baba yake, na baadaye anasafiri na msafara kwenda bara. Nimekisoma chote, na naamini kitamshika. Ila kuna mambo ya watu wazima, kuna wanaomtazama yule mtoto kwa tamaa, na nisingependa ayakute peke yake usiku bila kujua anaweza kuniuliza. Nimezungumza na dada, tumekubaliana akisome likizo ijayo, dada naye akisome sambamba naye. Mzazi asikikatae kwa sababu hiyo, akitangulie tu kukisoma.

Desemba boksi jingine litakuja kama korosho itakubali. Ameshaomba hadithi nyingine za Bwana Msa, na ameomba kitu ambacho hakiuzwi dukani: kupelekwa Nandete. Basi la Dar tutashukia Tingi, tutapanda gari la Kipatimu. Mama amesema atakuja kutuonyesha njia, na kitabu abebe mjukuu.