Chupa nyekundu ya kulishia ndege chozi: inafaa, ila si kama inavyotoka dukani

Chupa hii ya plastiki ya nusu lita, yenye kitako chekundu na maua manne ya bandia, ilibuniwa kwa wale ndege wadogo wa Amerika wanaokunywa wakiwa wameelea hewani. Chozi wetu si hivyo. Anaweza kupepea mbele ya ua kwa muda mfupi, lakini akitaka kunywa kwa utulivu hushika kijiti, huinamisha shingo, kisha huchomeka ule mdomo wake uliopinda kama mundu. Kwa hiyo kabla ya kulipa, angalia kama kuna mahali pa kutua. Kama hapana, funga waya mnene kuzunguka kitako, sentimita 3 hivi chini ya matundu. Bila hapo pa kutua, chupa itabaki pambo.

Kasoro kubwa zaidi ni kuvuja. Chupa hutundikwa kichwa chini, kitako chenye maua kikiwa chini, na maji ya sukari anayokunywa ndege hubaki ndani kwa sababu ya mgandamizo wa hewa ya nje. Chupa ikifika nusu na jua likaipiga, hewa iliyo juu hutanuka na kuyasukuma nje. Utaona tone linaning'inia kwenye ua, linaanguka, linafuata jingine, na baada ya saa moja sisimizi wameshapanga mstari. Itundike kivulini, mita moja na nusu hadi mbili kutoka chini, mbali na vioo vya madirisha, kwani chozi dume hupigana na sura yake mwenyewe akiiona kiooni. Ile pete ya mpira (washa) inayoziba pale kitako kinapofungwa kwenye chupa ikae sawa, isijikunje.

Kwa sisimizi, usipake grisi wala mafuta kwenye waya wa kutundikia. Yakishika manyoya hayatoki. Toboa kifuniko cha chupa ya soda, pitisha waya, ziba tundu kwa gundi isiyopitisha maji, kisha ujaze maji. Hawavuki. Nyuki ni kazi ngumu zaidi, hasa maua yakiwa na kitovu cha njano, rangi inayowavuta. Pendelea chupa iliyo nyekundu tupu.

Nusu lita ni nyingi mno. Chozi wengi wa bustanini hawazidi gramu 15, na kwenye joto maji ya sukari huanza kuchacha baada ya siku mbili. Weka mililita 200 tu: vijiko vikubwa 12 vya maji na 3 vya sukari nyeupe, koroga hadi iyeyuke, poza. Asali hapana, huota ukungu upesi. Sukari guru hapana. Rangi ya chakula haina faida yoyote. Chupa ikiwa na kiasi hicho kidogo, kivuli ni lazima.

Mdomo wa chupa ni mwembamba, brashi ya chupa za mtoto ndiyo inayofika hadi ndani. Osha kila unapobadilisha, kwa maji ya moto na siki kidogo. Ukiona madoa meusi kwenye matundu, usijaze kabla hayajatoka.

Aina ya kisahani chenye kifuniko haivuji hivi na huoshwa kwa urahisi. Ukiipata, chukua hiyo. Kwa vyovyote, panda mshubiri karibu, wala usipulize dawa ya wadudu hapo: makinda ya chozi hulishwa buibui na wadudu.