Power Query (zana ya Excel ya kuingiza na kusafisha data) na majina yenye nafasi mbili: uzoefu wangu

Natunza orodha ya wanachama wa SACCOS yetu, watu 600 na ushee. Kila mwisho wa mwezi mwajiri hutuletea makato ya mshahara, nami nayaoanisha na orodha yetu kwa majina. (Najua, namba ya uanachama ingefaa zaidi. Mwajiri haiandiki.) Wao wana jina kamili kwenye kolamu moja. Sisi tuna kolamu tatu: la kwanza, la kati na la ukoo, na wengi hawakujaza la kati.

Kwa muda mrefu niliunganisha ndani ya Excel hivi: =A2&" "&B2&" "&C2. Ukimtazama Asha Juma kwa macho, hana kasoro. VLOOKUP, fomula ninayotumia kutafuta jina kwenye orodha ya pili, inaiona: jina la kati halipo, kwa hiyo kati ya Asha na Juma zimebaki nafasi mbili, upande wa mwajiri ipo moja. #N/A, yaani halikupatikana. Mwezi mmoja nilikesha nikisaka makato ya watu kadhaa, nikaanza hata kumshuku mhasibu wa watu bure.

Dawa ya haraka ni kuizungushia TRIM, inayofuta nafasi za ziada. Iliyo nzuri zaidi ni TEXTJOIN, ambayo ukiipa TRUE inaruka seli tupu yenyewe, ila ilikuja na Excel 2019 na kompyuta ya ofisini ni 2016. Ndipo nikahamia Power Query, ambayo kwenye 2016 imo tayari chini ya kichupo cha Data.

Siku ya kwanza ilinitoa jasho. Niliandika fomula yangu ileile ya &, na kila asiye na jina la kati akapotea jina zima! Seli ikasomeka null. Kumbe humo null haimaanishi "hakuna kitu", inamaanisha "haijulikani", na ukiunganisha jina na kisichojulikana, jibu nalo halijulikani. Nikiwaza kwa utulivu naona wana hoja. Usiku ule sikuwaza kwa utulivu.

Sasa sikiliza hapa. Kitufe cha kuunganisha kolamu, Merge Columns, kipo mara mbili. Cha kichupo cha Transform kinaacha kitenganishi hata palipo null, yaani zile nafasi mbili zinarudi. Cha Add Column kinaandika Text.Combine, nayo inaruka null bila kuulizwa. Jina moja, tabia mbili. Nilikuja kugundua kwa kusoma upau wa fomula, na tangu hapo natumia cha Add Column tu.

Hata hivyo, faili likiwa la CSV (maandishi tu, kolamu zikitenganishwa kwa mkato), seli tupu ya maandishi haiingii kama null, inaingia kama maandishi yasiyo na herufi, na Text.Combine haiyaruki. Kabla ya kuunganisha nafungua Replace Values, naacha pa kutafuta wazi, pa kubadilisha naandika null. Na msitegemee Text.Trim iwaokoe kama TRIM ya Excel: hii husafisha mwanzo na mwisho wa neno, nafasi za katikati haizigusi.

Kwenye hela ni vilevile. Akiba + Hisa, moja ikiwa null, jumla ni null. List.Sum, fomula ya kujumlisha, inaziruka null. Mimi lakini siitumii kabla ya kuuliza: asiye na hisa na ambaye karani hajamwingizia hisa zake wote wanaonekana tupu, na kumpa huyo wa pili sifuri ni kumdhulumu.

Nyota 4 kati ya 5. Hiyo moja nimeikata kwa ajili ya vile vitufe viwili. Mwezi uliopita kazi ya usiku mzima niliimaliza kwa kubofya Refresh, wakabaki watu watatu tu wasiooana. Mmoja kwetu ni Mohamedi, kwa mwajiri ni Muhammad. Huyo nimempigia simu.