Transfoma ya servo kutoka Kariobangi Light: nzito, haina lebo, lakini kazi inaisha

Hii si tangazo, fundi aliyenisukia hii transfoma hata hajui naandika na namba yake siweki hapa. Ukifika Kariobangi Light Industries, Nairobi, tafuta wale wa kurewaindi mota (kusuka upya koili zake) na kutengeneza mashini za weldi, wako kadhaa, wangu ni mmoja wao.

Mashini yangu ni CNC ndogo ya kuchonga alumini, yaani inaongozwa na kompyuta, mota zake ni servo za DC zenye brashi, na draiva, kile kifaa cha kuziendesha, ni Geckodrive G320X. Hiyo draiva inakubali hadi 80V basi, ukipita hapo unazika pesa. Sasa ukienda Luthuli Avenue kuuliza pawa saplai unapewa ile ya bati yenye vitobo, swichi modi, ile nyepesi isiyo na transfoma kubwa, na kusema ukweli kwa taa za LED na kamera haina shida hata kidogo. Nilikuwa nayo ya 60V. Na ilifanya kazi vizuri tu wakati nilikuwa natumia paralel poti ya kompyuta kutuma palsi za kusukuma mota, kwa sababu enkoda zangu (zile za kuhesabu mzunguko wa mota) ni za mistari 500, yaani hesabu 2,000 kila mzunguko, na palsi 25,000 kwa sekunde inakupa mizunguko 750 kwa dakika, mwendo wa mzee anayetoka kanisani. Nilipoweka kadi ya Mesa, inayotuma palsi haraka zaidi, na programu ya LinuxCNC, mota zikafika mizunguko 2,400 kwa dakika, na hapo ndio vituko vilianza: meza inakimbia poa, ikifika mwisho ikitaka kusimama, tap, saplai inajizima, draiva zinakufa, alumini imeharibika.

Kumbe mota ikipunguza mwendo inageuka jenereta, ile nguvu yote inarudi kwa draiva na kutoka hapo kwa saplai, na swichi modi haina pa kuiweka, volti zinapanda ghafla inaona hatari inajifunga. Haijaharibika, inajilinda tu. Ndio maana watu wa servo wanapenda saplai ya kizamani: transfoma, rektifaya ya kugeuza AC kuwa DC, kapasita kubwa ya kuhifadhi umeme, kwisha. Kapasita inameza hiyo nguvu halafu mota inaitumia tena ikianza kukimbia.

Basi nikaenda kwa fundi. Swali lake la kwanza: "Kijana, hii ni ya weldi?" Mwambieni mapema kabisa si ya weldi, kwa sababu ile ya weldi inatengenezwa volti zianguke mzigo ukiongezeka, na kwa servo hiyo ni balaa. Nikamwambia nataka 240 iingie, 48 AC itoke, ampea 10. Mbona 48 na si 56? Juu ukipitisha kwa rektifaya na kapasita unazidisha kwa 1.414, 56 ingenipeleka karibu 78 na stima ya usiku mtaani kwetu hupanda vile inataka, ukiongeza ile inayorudi kutoka kwa mota draiva imekwenda. Yangu bila mzigo ilipima 49 AC, baada ya rektifaya 68 DC. Hapo nimebaki na nafasi ya kupumua.

Kazi yake sasa. Kopa ni mpya, nilimwona akiikata kutoka kwa roli, na kati ya koili ya stima na ya kutoa ameweka karatasi ya insulesheni safu kadhaa, hiyo ndiyo kitu nilikuwa naogopa zaidi na hakuniangusha. Nilimwomba apime na mega, ile mita ya kupima insulesheni, mbele yangu, akapima bila kununa. Nimechonga nayo mchana kutwa na inapata joto la kawaida, unaweza kuishika na mkono. Na ile tap ya kujizima sijaisikia tena, hata nikiendesha mita 6 kwa dakika na kugeuza ghafla.

Mabaya yapo. Vanishi hakuikausha vizuri, nilipoiwasha mara ya kwanza karakana ilinuka na bado inavuma kiasi. Waya zinatoka nne rangi moja bila lebo, sasa ile ya 240 na ile ya 48 wewe ndio utajua na mita, huyo ni mtu wa kazi safi lakini hapo alizembea na mtu mwingine angeweza kujiua. Chuma ni kama ametoa kwa UPS mzee, ni nzito ajabu, usipande nayo matatu bila mtu wa kukusaidia. Risiti hakuna, ni M-Pesa na mdomo, na "kuja kesho" yake usiihesabu kama kesho.

Fyuzi na kapasita ni juu yako, yeye anakupa transfoma tu. Kwa kapasita, Gecko wana hesabu yao: 80,000 mara ampea, gawanya kwa volti. Kwangu inakuja kama maikrofaradi 11,800, nikaweka 12,000 ya 100V. Juu yake nikafunga rezista ya kilo-omu 2.2, wati 5, bila hiyo ukizima stima kapasita inakaa na 68V ikikungoja, na hata ukiwa nayo ngoja dakika mbili hivi kabla uguse. Fyuzi ya upande wa 240 iwe ile ya kuchelewa kuungua, za kawaida zinaruka kila ukiwasha kwa sababu kapasita tupu inavuta kwa nguvu.

Bei alianza na elfu kumi na mbili, tukamaliza elfu tisa na kopa ikiwa yake. Ukipeleka chuma chako mwenyewe anashuka zaidi. Nampa nne kwa tano, ile moja nimeikata kwa sababu ya waya za rangi moja, na nikirudi kwa ya mashini ya pili naenda na tepu nyekundu na bluu mfukoni nimfungie mwenyewe akiwa bado anasuka.