Meza ya vitabu vya mtumba Samora, na kijiji cha Kiingereza kinachokataa kuwa mji

Mimi ni mteja msumbufu wa vitabu. Kazi yangu yote ilikuwa mipango miji, na hata sasa nikiwa mstaafu sipiti meza ya vitabu bila kuuliza kama kuna chochote cha ramani, ardhi au makazi. Wauzaji wengi wa pale Posta, Dar es Salaam, wananijibu "hamna" kabla sijamaliza swali. Mmoja tu ndiye anayetafuta kweli, na ndiye ninayemwandikia haya.

Meza yake iko kwenye kibaraza cha Mtaa wa Samora. Jina lake simtaji, hajanipa ruhusa. Ukifika utakuta mchanganyiko wa kawaida: Baiolojia ya kidato cha tano, Biblia, riwaya zilizopauka, vitabu vya uhasibu vya zamani. Tofauti yake ni kwamba anafungua kila kitabu kinachoingia, anajua ndani kuna nini, na anakumbuka nani aliulizia nini. Nilimwachia namba yangu. Siku moja akapiga.

"Shikamoo mama. Kuna kijitabu hapa cha kijiji cha Uingereza, kina ramani katikati. Nikuwekee?"

"Marahaba mwanangu. Kijiji gani?"

Akanitajia herufi moja moja: Cranleigh. "Wameandika ndicho kijiji kikubwa kuliko vyote kule kwao."

Alianzia Sh 15,000. Nikamwonyesha pini zilizoota kutu hadi zikaacha alama ya kahawia kwenye mkunjo, na muhuri wa maktaba uliokatwa kwa kalamu nyekundu. Tukamalizana kwa Sh 8,000, nikalipa kwa simu. Risiti usiulize.

Sasa kijitabu chenyewe. Cranleigh iko Surrey, kusini mwa Uingereza, upande wa kusini-mashariki wa mji wa Guildford, kwenye udongo mzito wa mfinyanzi ambao zamani ulifanya barabara zisipitike wakati wa mvua. Ina wakazi zaidi ya 11,000 na bado inajiita kijiji. Sifa ya ukubwa wanaigombania na wenzao: Cottingham, huko Yorkshire Mashariki, nayo inadai hiyohiyo, na ina watu wengi kuliko wao. Mwandishi wa kijitabu analipita jambo hilo haraka sana, kama mtu anayeruka dimbwi. Nilicheka.

Historia yake imebebwa na usafiri. Mwaka 1816 ulifunguliwa mfereji wa kuunganisha mito Wey na Arun, mashua zikapita karibu na kijiji. Reli ya kutoka Guildford kwenda Horsham ikaja mwaka 1865, mfereji ukakosa mizigo, na kufikia 1871 ukawa umefungwa. Reli nayo ilidumu karibu miaka 100: ikafungwa mwaka 1965, enzi serikali yao ilipokuwa iking'oa njia zisizolipa. Leo tuta la reli ni njia ya waenda kwa miguu, baiskeli na farasi. Hapo nilisimama kidogo. Hifadhi ya njia, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili ya reli, haikugawanywa viwanja! Aliyewahi kushughulika na wavamizi wa hifadhi ya reli au ya barabara hapa Dar atanielewa.

Hata tahajia ya jina ni ya enzi hizo za reli. Zamani waliandika Cranley, barua na mizigo ikawa inachanganywa na ya mahali pengine paitwapo Crawley, ndipo katika miaka ya 1860 wakabadilisha mwisho wa jina.

Sehemu iliyonifanya nisome mara mbili ni ya hospitali. Mwaka 1859 daktari wa hapo, Albert Napper, alifungua hospitali ndani ya nyumba ya kawaida ya kijijini, akisaidiwa na kasisi wa parokia, John Henry Sapte. Ndiyo inayohesabiwa kuwa hospitali ya kwanza ya aina hiyo Uingereza. Hoja yake ilikuwa nyepesi: kibarua wa shambani akivunjika mguu, nyumbani kwake hapafai kuuguzia, na hospitali kubwa iko mbali. Basi mtibu palepale, kwenye vitanda vichache, na mgonjwa achangie kila wiki kwa kadiri ya uwezo wake. Sisi tuliposikia habari za kuchangia gharama za matibabu tulidhani ni jambo jipya. Vijiji vingine vikaiga, na hospitali ndogo za namna hiyo zikaenea nchi nzima.

Kuna pia ukurasa mzuri wa miti. Askari wa Kanada waliopiga kambi karibu wakati wa Vita Kuu ya Kwanza waliacha mimepo, miti ambayo jani lake liko kwenye bendera yao ya sasa, ikiwa imepandwa kando ya barabara kuu. Na kiwanja cha wazi cha kijiji bado kipo, watu wanacheza kriketi.

Lakini swali langu la kikazi lilikuwa jingine: kwa nini hawawi mji? Kijitabu kinagusia tu, ila jibu ninalijua. Kwa sheria yao ya serikali za mitaa ya 1972, baraza la parokia, ambalo ni la kiraia na si la kanisa, linaweza kujiita baraza la mji kwa kupitisha azimio lake lenyewe. Hakuna anayewasubiri wafikishe idadi fulani ya watu. Cranleigh wana maduka, shule ya bweni ya tangu 1865, kila kitu, azimio hawapitishi.

Kwetu kijiji hakijiamulii hivyo. Eneo likishatangazwa kuwa mji, serikali ya kijiji inapisha serikali ya mtaa, na mkutano mkuu wa kijiji, ambao chini ya sheria ya ardhi ya vijiji ya 1999 ndio uliokuwa ukiidhinisha ugawaji wa ardhi, haupo tena. Msasani na Kunduchi vilikuwa vijiji vya wavuvi kabla jiji halijavifikia, na Mzizima, pale Sultani Majid alipoanza kujenga katika miaka ya 1860, imebaki jina. Sisemi kila kijiji kigande. Nimepima viwanja vya kutosha kujua watu wanahitaji maji na barabara. Nasema tu kwamba ningependa kuona mkutano wa kijiji ukipiga kura juu ya jambo hilo walau mara moja.

Kasoro za kijitabu: orodha ya makasisi ni ndefu mno, na vibarua wenyewe, wale waliolazwa kwa Napper, hawasemi neno. Ramani ya katikati ni safi, ila imepunguzwa bila kuandikwa kipimo, kosa ambalo kazini lingenirudishia mchoro mezani.

Kasoro za meza: vumbi, hakuna pa kukaa, na vitabu vingine vimefungwa nailoni kiasi kwamba huwezi kukagua ndani. Mwambie afungue, hakunji uso. Siku za mvua hatandazi, kwa hiyo piga simu kwanza. Nenda asubuhi kabla jua halijageukia upande wake, beba noti ndogo, na ukikuta kitabu cha upimaji chenye jalada la kijani, ni changu, nimeshaweka oda.