Mto wa sponji wa kiti mwendo: tathmini baada ya miezi minane

Mto huu ulitengenezwa na fundi makochi wa hapa Mtwara mjini kwa shilingi 65,000, nami nimeukalia kila siku kwa miezi minane. Tangu nilipoanguka kutoka juu ya mnazi na kuvunjika uti wa mgongo, sihisi mguso wowote kuanzia kiunoni kwenda chini, na asiyehisi hukalia kidonda chake mwenyewe bila kujua. Awali nilikuwa nakalia kipande cha godoro kuukuu, kikanipa kidonda cha mgandamizo kilichonilaza kifudifudi kwa wiki 11.

Kilichonivutia ni namna fundi alivyopima. Alinikalisha kwa muda mfupi juu ya kiroba cha mchanga laini, akatazama mifupa miwili ya makalio ilipozama, kisha akachonga kishimo mahali hapo katika sponji gumu la chini na kulifunika kwa sponji laini, ili uzito uhamie mapajani. Kishimo hicho hakijabonyea hadi leo, na ngozi yangu ni nzima.

Wapo ndugu wanaoniuliza kwa nini nahangaika na sponji ilhali Marekani wanarudisha hisia kwa vipandikizi vya ubongo. Habari hiyo ni ya kweli. Nathan Copeland, aliyepooza kwa ajali ya gari mwaka 2004, alipandikizwa vipande vinne vidogo vya elektrodi (vipitisha umeme) mwaka 2015 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, viwili katika eneo la ubongo linaloongoza mwendo na viwili katika eneo linalopokea hisia za mkono. Kwa vipandikizi hivyo anauongoza mkono wa roboti kwa mawazo; mkono huo ukiguswa kidole, umeme mdogo huchochea ubongo wake naye huhisi kama kidole chake mwenyewe kimebonyezwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba, akipata hisia hiyo, muda wa kushika na kuhamisha vitu kwa mkono wa roboti ulishuka kutoka sekunde 20 hivi hadi takribani 10. Nimeisoma habari hiyo mara nyingi kwa furaha, na wivu kidogo. Lakini elektrodi zile zinahudumia mkono, na kazi yenyewe bado ni ya utafiti, mgonjwa akiunganishwa na mashine kwa nyaya zinazopita kwenye fuvu. Mikono yangu mimi ni mizima. Pasipohisi ni pale ninapokalia, na hapo mlinzi wangu ni mto huu, kioo anachokishika mke wangu kila jioni akikagua ngozi, na saa ya simu inayonikumbusha kujiinua kila baada ya dakika 20.

Kasoro ipo, nayo si ndogo. Kifuniko cha kwanza kilikuwa cha leza ya makochi, na kwa joto la Novemba kililowa jasho kiasi kwamba ngozi ilianza kulainika, jambo la hatari kwa mtu kama mimi. Nilipolalamika, fundi alishona kingine cha pamba chenye zipu kwa shilingi 8,000, fedha ambazo naona hakustahili kunitoza. Tangu hapo sina neno.

Atakayeagiza aende na kiti chake, kwa sababu upana hutofautiana, na aombe vifuniko viwili vya pamba tangu mwanzo, kimoja kikifuliwa kingine kitumike.