Ekseli ya Land Cruiser 75 nyuma ya Hilux: uzoefu wangu

Kwa wanaouliza kama ekseli ya Land Cruiser 75 inafaa nyuma ya Hilux, nianze na jibu kabisa ili mwenye haraka asichoke: nimefunga ekseli ya nyuma ya Land Cruiser 75 kwenye Hilux yangu, modeli ya LN106, na sirudi nyuma. Ila ekseli yenyewe ndiyo ilikuwa sehemu rahisi. Kilichokula pesa ni reshio (uwiano wa meno ya gia za ekseli) na kuchomelea.

Gari yangu inapiga kazi Longido, Kitumbeine mpaka Ngaresero, chini ya Ol Doinyo Lengai. Juu kuna simtenki ya lita 1,000, chini tairi za inchi 33, na njia ni mawe, vumbi na makorongo. Difu ya Hilux hii, yaani gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu kwa tairi, ina krauni (gia kubwa ya ndani) ya inchi 8 na kwa kazi iliyotengenezewa inatosha. Mimi nilichokuwa nataka kuhama ni muundo. Shafti zake zinafanya kazi mbili: zinazungusha tairi na papo hapo zinabeba uzito wa gari. Shafti ikikatika karibu na habu, tairi inaweza kuondoka nayo. Na mzigo kama wangu sikutaka kuungoja uikate.

Kwenye ekseli niliyochukua, uzito unabebwa na habu iliyokaa juu ya beringi mbili za koni, mwishoni mwa bomba la ekseli. Shafti ina kazi moja tu, kuzungusha. Siku ikikatika porini unafungua nati sita, unagonga katikati ya flanji, kile kisahani cha mwisho wa shafti, kwa nyundo ya shaba mpaka vile vikoni vinavyobana studi vilegee na kutoka, halafu unaivuta. Tairi iko chini muda wote, jeki hata hujaitoa. Unaweka 4x4, tairi za mbele zinakupeleka nyumbani. Juu ya hapo krauni ni inchi 9.5.

Muuzaji mmoja wa spea za mtumba alinisukuma sana nichukue ya Land Cruiser 80. Kusema kweli inatamanisha: breki za diski, na baadhi zina difloki ya kiwandani, kufuli inayozungusha tairi mbili pamoja. Lakini 80 imekaa kwenye springi za koili, kwa hiyo mabano yake yote yakatwe kwa grainda kabla hujaanza kuweka vikalio vya majani ya springi ya Hilux. Halafu ni pana. Nyuma ya LN106 tairi zinatoka nje ya mstari wa zile za mbele, na kwenye mchanga hiyo ni adhabu, maana za nyuma zinachimba njia yao mpya badala ya kupita palipokwisha kushindiliwa. Wenye Land Cruiser 79 ya V8 iliyoanza 2007 wanalijua hili kwa upande wa pili: mbele kulipanuliwa ili injini iingie, nyuma kukaachwa, tofauti ni milimita 95, na kuna wanaotumia pesa nzito kuzilinganisha. Ya 75 inakaribiana sana na Hilux yangu kwa upana. Hapo nikaacha kubishana.

Ekseli za Land Cruiser 79 na 105 nilizifuta mapema kwa sababu ya studi, zile bolti za kufungia rimu. Zina tano, duara la milimita 150. Hilux, 75 na 80 zina sita, duara la 139.7. Sitaki kubeba spea tairi mbili za aina mbili. Rimu zangu za chuma zilipita bila kuguswa, ila rimu ya mapambo iliyozibwa katikati haitapita, habu inatokeza nje. Na kwa wanaoangalia video za Wamarekani wakisifia ile ya GM yenye bolti 14, krauni inchi 10.5: ni chuma kweli, lakini ina studi nane, na beringi yake ukiitafuta Arusha utazeeka.

Sasa reshio. Ekseli ya mtumba haina karatasi, kwa hiyo fungua, hesabu meno. Ya kwangu ya mbele ilikuwa 41 kwa 9, yaani 4.556. Ya 75 ni 37 kwa 9, yaani 4.111. Hilux hii haina difu ya kati ya kusawazisha mwendo wa mbele na nyuma, hivyo ukiweka 4x4 huku mbele na nyuma hazilingani, vyuma vinavutana mpaka kimoja kinasalimu amri. Nikatafuta kichwa cha difu ya mbele cha 37 kwa 9. Gharama yake ni hii: kwa injini yangu ya dizeli, aina ya 3L, na tairi kubwa, kwenye mlima nashuka gia mapema kuliko zamani. Kwenye lami gari inapumua vizuri zaidi, lakini mimi sikai kwenye lami.

Kuchomelea kusiharakishwe. Fundi wangu alishika vikalio kwa nukta tu, akashusha gari ikakaa kwa uzito wake na simtenki ikiwa na maji, ndipo akapima pembe ya pinio (gia ndogo inayozungusha krauni) ili krosi mbili za propela, shafti inayoleta nguvu nyuma, zikae sawa. Kisha akachomelea vipande vifupi, kulia, kushoto, akingoja ipoe, maana moto mwingi sehemu moja unapinda bomba na beringi hazitadumu. Flanji ya propela haikuoana. Ikaenda kwa mtu wa lethi. Ile fimbo ya vali ya breki inayopima mzigo nayo irudishwe kwenye ekseli mpya, mafundi wengi huiacha inaning'inia.

Kasoro ipo. Sili ya ndani ikichoka, oili ya difu inaingia kwenye grisi ya habu na mwishowe kwenye viatu vya breki, kwa hiyo nakagua kila nikifungua tairi. Bomba la pumzi la difu nimelipandisha hadi usawa wa bodi, kwa sababu difu ya moto ikiingia maji baridi inavuta hewa, na isipoipata juu inavuta maji kupitia sili.

Mwenye Hilux Vigo asinifuate kwa hii ya 75, mbele yake ni pana. Huyo ndiye apime ya 80, na atafute yenye difloki.